Kuonja mazoezi Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Dar wanaotaka kujaribu mazoezi ya aina mbalimbali kabla ya kujifunga na sehemu moja. Mimi si daktari wala sina jimu ya kuitangaza. Ni mtu wa kuzunguka tu: wiki hii aerobiki Sinza, wiki ijayo ngumi Manzese. Maswali ni yale yanayonifikia, nimeyapanga kama yalivyozoea kuja.

Sijafanya mazoezi tangu nimalize shule. Nianze na zoezi gani?

Anza na lililo karibu. Watu hunitazama kana kwamba nimewakwepa, lakini Dar hii anayeamua kama utafanya mazoezi ni foleni, si mwalimu. Mtu anafanya kazi Posta, anaishi Tegeta, analipia darasa Masaki la saa 12 jioni kwa sababu ameona picha nzuri mtandaoni. Wiki ya kwanza atafika amechelewa, wiki ya pili atakuta wenzake wanajinyoosha wanamaliza, wiki ya tatu atabaki kwenye gari akisema "nitaenda Jumamosi".

Chora njia yako ya kila siku: nyumbani, kazini, shule ya watoto, sokoni. Jaribu kila kitu kilichopo kando ya njia hiyo kabla ya kuvuka mji. Kama unarudi mbali, tafuta mazoezi upande wa kazini: toka ofisini, fanya mazoezi hapo hapo mjini, ukimaliza saa 2 usiku barabara imeanza kupumua. Anayeishi Kimara na kupanda mwendokasi ana uhuru zaidi, maana anaweza kushuka Magomeni au Manzese, akapiga tizi, akapanda tena.

Kuna aina gani za mazoezi hapa mjini?

Nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kuna jogging za mitaani, na hizo nimezipa swali lake hapa chini kwa sababu zinastahili. Kuna aerobiki, kumbini na viwanjani, na siku hizi walimu wengi wanaichanganya na singeli. Jiandae: singeli linaweza kupita midundo 200 kwa dakika, na mwalimu hakusubiri. Zumba ni ndugu yake, ila imetoka Kolombia miaka ya 1990 na inakwenda na muziki wa Amerika ya Kusini, ingawa hapa utasikia bongo fleva katikati. Kuna jimu za vyuma, kutoka zile za uani zenye vyuma vya kuchomelea hadi zile za ghorofani zenye viyoyozi. Kuna ngumi, karate, taekwondo. Kuna mpira wa kikapu, na pale JMK Park, Kidongo Chekundu, utakuta vijana wa kila rika. Kuna yoga na pilatesi, hasa Masaki, Oysterbay na Mikocheni. Kuna baiskeli za ndani ambazo unapiga pedali gizani huku mwalimu akipaza sauti. Kuna kuogelea, na bwawa la Chuo Kikuu, Mlimani, ni moja ya sehemu wanakofundishwa watu wengi.

Na kuna Tabata, mnayoiulizia sana baada ya kuiona kwenye simu. Asili yake ni Japani, kwa mtafiti Izumi Tabata aliyechapisha kazi yake mwaka 1996: sekunde 20 za kujituma hadi mwisho, sekunde 10 za kupumzika, mara nane. Jumla dakika nne. Darasa la saa nzima linaloitwa Tabata si lile la Mjapani, kwa sababu ukiweza kulifanya kwa saa nzima basi hukujituma hadi mwisho. Linaweza kuwa darasa zuri tu.

Jogging za mitaani zikoje? Lazima nialikwe?

Hakuna kualikwa. Amka Jumamosi au Jumapili alfajiri, simama barabarani Temeke, Mbagala, Kinondoni, Tandika, popote, watakupita: fulana za rangi moja, mstari mrefu, mmoja anaongoza wimbo na wengine wanaitikia kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Mbele kuna mwenye kibendera wa kusimamisha magari, nyuma kuna anayechunga wasiachwe wachovu. Ingia nyuma. Wakifika uwanjani watafanya mazoezi ya viungo, halafu matangazo, halafu mtakwenda supu. Mwone katibu, mwambie unataka kujiunga.

Kuna jambo moja ambalo wageni hawaling'amui. Wale wanaimba. Mtu anayeimba huku anakimbia hawezi kukimbia kasi kupita kiasi, pumzi haitoshi. Kwa hiyo mwendo wa jogging za mitaani, tena wenyewe wala hawajaupimia saa, ni ule ule ambao wataalamu wa afya wanawashauri wanaoanza: uweze kuongea bila kutweta. Anayekimbia peke yake na saa ya kisasa mkononi huanza kwa kasi, dakika ya kumi ameshika kiuno. Ukiwa ndani ya mstari, wimbo unakushika breki.

Sasa upande wa pili. Jogging ni chama. Kuna kiingilio, kuna mchango wa mwezi, kuna fulana ya kununua, na akifiwa mwanachama mtachangia msiba. Kuna bonanza na vikundi rafiki, na kwenye bonanza kuna mgeni rasmi, na mgeni rasmi ana hotuba. Mimi hotuba hizo huzitumia kunyoosha misuli ya paja. Kama unataka mazoezi tu na hutaki undugu, kimbia nao mara mbili tatu kama mgeni, shukuru, uendelee na safari yako. Lakini wengi walioingia kwa ajili ya kitambi nimewaona wamebaki kwa ajili ya watu, na kwa maoni yangu hakuna jimu ya kulipia inayoweza kuuza kitu hicho.

Nina mwili mkubwa. Hawatanicheka?

Darasani, mara chache sana. Kila mtu anahangaika na pumzi zake. Njiani watoto watakuita "bonge", huo ndio ukweli wa Uswahilini, na wakikuona wiki tatu mfululizo watakimbia na wewe. Simama mstari wa nyuma pembeni siku ya kwanza: unaona wote, na ukichoka unapumzika bila kupishana na mtu. Mwambie mwalimu kabla ya kuanza kwamba wewe ni mpya. Mwalimu anayejibu kwa kukupandisha mbele ili uchekeshe watu, usirudi kwake.

Niandae shilingi ngapi?

Bei zinabadilika na mtaa, kwa hiyo uliza mwenyewe, lakini uliza vizuri. Swali la kwanza: kwa siku shilingi ngapi? Jimu nyingi za mtaani zinapokea kwa siku, shilingi elfu chache, unalipa mlangoni au kwa simu. Swali la pili: kwa mwezi? Gawa bei ya mwezi kwa bei ya siku. Ikitoka 10, maana yake ukienda chini ya mara 10 kwa mwezi umepata hasara kulipia mwezi. Mtu anayeanza, na mvua, na misiba, na mwisho wa mwezi wenye hesabu za ofisi, hafikishi mara kumi kirahisi.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza lipa kwa siku, hata kama jumla itazidi kidogo. Sehemu za Masaki na Oysterbay nyingi zina darasa la majaribio, la bure au la bei nafuu. Waandikie kabla, usiende mlangoni kujaribu bahati. Na usikubali "ofa ya mwaka mzima" siku ya kwanza, hata kama dada wa mapokezi anatabasamu vipi. Mwaka ni mrefu, na jimu hufungwa.

Jimu ya uani na jimu ya viyoyozi, ipi bora?

Chuma cha kilo 20 ni kilo 20 kokote kilipo. Uani utapata watu wanaojua kunyanyua, watakusahihisha bila kuombwa, tena kwa sauti. Kasoro zake ni benchi lililolegea, vyuma visivyolingana pande mbili, na hakuna mahali pa kuogea. Kabla ya kulala kwenye benchi litikise. Ghorofani utapata bafu, kabati la kufunga, mashine za kukimbilia, na upweke. Kama unatoka jimu kwenda ofisini, bafu lina thamani kuliko mashine zote. Kama unatoka jimu kwenda nyumbani, okoa hela yako.

Nikienda ngumi nitapigwa?

Hutapigwa. Darasa la kuanzia ni kuruka kamba, kupigana na kivuli, kupiga begi, na pushapu hadi mikono itetemeke. Kazi huenda kwa raundi: dakika tatu kazi, dakika moja pumziko, kengele inalia. Hayo ni mazoezi magumu kuliko yote niliyowahi kuonja mjini, na hulipi bei ya Masaki. Kupigana kwa kweli, ulingoni, huja baada ya muda mrefu na kwa hiari yako. Kocha anayekutupa ulingoni wiki ya kwanza bila kinga ya meno wala kofia, muage.

Nunua bandeji za mikono zako mwenyewe na ujifunze kuzifunga. Glavu za kuazima zina jasho la watu wengi, na harufu yake utarudi nayo nyumbani.

Mimi ni mwanamke, navaa hijabu. Kuna sehemu za kufaa?

Zipo, na zinaongezeka. Baadhi ya jimu zina saa za wanawake peke yao, nyingi asubuhi baada ya watoto kwenda shule. Kuna jimu za wanawake tu pia. Uliza maswali matatu kwa uwazi: mwalimu ni mwanamke? Mtu aliye nje anaona ndani kupitia madirisha? Wahudumu wa kiume wanaingia saa hizo? Nimesikia malalamiko ya akina dada walioahidiwa "ladies" wakakuta fundi yuko katikati ya ukumbi anarekebisha feni.

Kwa mavazi, kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na mtandio wa kuvaa kichwani moja kwa moja usiohitaji pini. Pini na kuruka kamba havipatani.

Mama yangu ana presha. Na mimi nina sukari. Tufanye?

Kwa watu wengi wenye hali hizo mazoezi ni sehemu ya matibabu, lakini anzeni zahanati, mpimwe, mwambieni daktari mnataka kufanya nini hasa. Usiseme "mazoezi" tu. Sema "kutembea nusu saa" au "kunyanyua vyuma", maana jibu linaweza kutofautiana.

Kwa Mama: kutembea kwa kasi, aerobiki nyepesi, kuogelea. Akinyanyua kitu, asibane pumzi. Kubana pumzi wakati wa kunyanyua hupandisha presha ghafla. Atoe pumzi anaponyanyua, aivute anaposhusha. Kwako wewe: kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, ipime kabla, uwe na kitu kitamu mfukoni, na umwambie mtu mmoja darasani. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi na kizunguzungu, acha hapo hapo ule kile kitamu. Angalia pia nyayo zako kila ukivua raba.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida au kuzimia ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo, si la kulalia uone.

Nataka mazoezi ya bure kabisa. Wapi?

Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo, na lina njia ya waenda kwa miguu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita mbili, upepo wa bahari usoni, bila kuvuka barabara. Asubuhi mapema utakuta umati. Coco Beach iko upande wa pili. Ukimaliza kuna mihogo ya kukaanga. Hayo ni mambo yako na nafsi yako.

Ukitaka kukimbia mchangani, jua maji. Maji yakipwa, mchanga wa chini unakuwa mgumu na tambarare, mzuri kwa miguu. Yakijaa, unabaki na mchanga wa juu uliolegea, unaochosha vigimbi mara mbili. Saa za kupwa na kujaa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumamosi hii na ijayo hazifanani. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji huenda mbali zaidi na hurudi juu zaidi. Kuogelea pale Coco kuna miamba na mikondo, na watu wamewahi kupoteza maisha. Kama hujui kuogelea vizuri, jifunzie bwawani.

Mlima wa Chuo Kikuu ni wangu wa moyoni: kivuli, lami, na mwinuko unaokuambia ukweli kuhusu mapafu yako.

Saa ngapi ni nzuri, na hili joto?

Kati ya Desemba na Machi, kabla ya jua kupanda au baada ya kuzama. Tatizo la Dar si joto peke yake, ni unyevunyevu. Jasho linapoza mwili likikauka; hewa ikishajaa maji linachuruzika tu, na mwili unaendelea kuchemka. Ukiona baridi kwenye ngozi wakati una jasho, kichwa kinauma, unataka kutapika, kaa kivulini ujimwagie maji. Mtu akianza kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali huku mnaendelea kumpoza. Juni hadi Agosti ni msimu wa raha, fanya mambo yako makubwa miezi hiyo.

Masika, Machi hadi Mei, panga mazoezi upande wako wa mji. Jangwani ikijaa maji hakuna darasa litakalokusubiri ng'ambo.

Gizani vaa rangi nyepesi au kitu kinachong'aa, kimbia ukitazamana na magari, na simu iache nyumbani au ifiche. Bodaboda hawakuoni.

Kesho yake siwezi kushuka ngazi. Nimeumia?

Huenda si jeraha. Misuli isiyozoea huuma zaidi siku ya pili, kati ya saa 24 na 72, halafu huachia. Ukionja zoezi jipya kila wiki jambo hili litakurudia, kwa sababu ngumi zinatumia misuli ambayo jogging haikuigusa. Tembea, jinyooshe kidogo, lala. Maumivu makali ya sehemu moja kwenye kiungo, yenye uvimbe, au yaliyoanza kwa kishindo katikati ya zoezi, hayo ni mengine, kapimwe. Mkojo ukiwa mweusi kama kahawa baada ya zoezi zito, nenda hospitali bila kusubiri.

Kitambi kitaisha lini?

Siku utakapotazama sahani. Chipsi mayai sahani moja inaweza kurudisha yote uliyochoma kwa saa nzima ya aerobiki. Hakuna zoezi la tumbo linalochagua mafuta ya tumboni, na mikanda ile ya kubana inakamua maji, si mafuta. Mazoezi hukupa moyo imara, usingizi, sukari iliyotulia, nguvu za kubeba ndoo. Kitambi kina kesi yake jikoni.

Kwa wiki inatosha mara ngapi?

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Kwa lugha ya Dar: jogging ya Jumapili, aerobiki moja katikati ya wiki, kutembea toka kituoni hadi nyumbani badala ya boda, na vyuma au pushapu mara mbili. Umefika.

Mwalimu mzuri nitamjuaje?

Anauliza kabla hajaanza: nani mgonjwa, nani mjamzito, nani mgeni. Anapasha watu misuli moto kwanza. Anakupa namna nyepesi ya zoezi lile lile. Anatembea kati ya watu. Asiyetoka mbele ya kioo anafanya mazoezi yake, si yenu. Hauzi dawa za kupunguza unene. Hilo la mwisho kwangu halina mjadala.

Wananirekodi video na kuiweka mtandaoni bila kuniuliza.

Kataa. Picha yako ni taarifa yako binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa kawaida haifiki huko: mwambie mwalimu kabla ya darasa, "mimi sipendi kuonekana", na usimame upande ambao simu haielekei. Wakirudia, badilisha sehemu.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Madarasa mengi hubadilisha ratiba, waulize mapema. Unayefunga, fanya zoezi jepesi muda mfupi kabla ya kufuturu, au zoezi la kawaida baada ya tarawehe ukiwa umeshakunywa maji. Mwezi huo si wa kuonja ngumi kwa mara ya kwanza.

Nikishaonja vyote, naweza kwenda marathoni?

Anza na kilomita 5, ambazo mbio nyingi za hapa nchini zinazo, pamoja na ile ya Kilimanjaro kule Moshi. Kwa nusu marathoni jipe miezi, si wiki. Tangu Alphonce Simbu awe bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, Septemba 2025, maswali haya yameongezeka, na mimi nafurahi. Tulikaa miaka mingi tukimtaja Filbert Bayi na rekodi yake ya mita 1500 ya Christchurch, 1974. Ila wote wawili hawakuanza na fulana ya mbio na picha ya kumalizia.

Mwalimu wangu amehama jimu. Nimfuate?

Alikohamia kuna umbali gani kutoka kwako? Kama bado ni njia yako, mfuate, mwalimu anayekujua magoti ni wa thamani. Kama ametoka Sinza kaenda Mbezi Beach na wewe unaishi Sinza, mwombe akuandikie programu ya wiki nne, na umwone mara moja kwa mwezi. Siku ulizobakiza kwenye jimu ya zamani zitumie zote kwanza; hazirudishwi, na hazihamishwi kwa jina la mtu mwingine, hata wakikuambia "tutaangalia".